Kitovu chenye maji

Wenzangu waliotangulia wameandika mambo mazito: safari, mipaka, watu waliopotea njiani. Mimi leo naandika kuhusu kitovu. Ndiyo, kitovu cha mtoto mchanga. Msicheke bado. Na nyinyi wenzetu wa mashirika mnaotusoma kimyakimya, kuna pahali nitawagusa kidogo, mnivumilie.

Naishi hapa Nakivale, Uganda, upande wa Base Camp, na huu ni mwaka wa sita. Kwetu ni Baraka, kule Fizi, kando ya Ziwa Tanganyika. Nina miaka 23, sijaolewa, sijazaa, na kazi yangu ya kujitolea ni kukaa na akina mama waliojifungua karibuni na kuongea nao habari za watoto wachanga. Kila tukianza na kikundi kipya, swali la kwanza ni lile lile: "We dada, umezaa?" Nasema bado. Wanaangaliana, halafu kila mmoja anarudi kumtazama mtoto wake kama vile mimi sipo.

Lakini mambo ya kitovu yalianzia nyumbani kwetu, kabla sijaanza kazi hiyo.

Yaya wangu alijifungulia kituo cha afya, na kesho yake jioni akaruhusiwa. Tulipofika nyumbani tukamkuta bibi mlangoni. Alikuwa ameshachekecha majivu ya mafiga kwa kitambaa, laini kama unga wa muhogo, ameyaweka kwenye kifuniko cha kopo la maziwa. Nesi alikuwa amemwambia yaya: kitovu kisipakwe kitu chochote, kiachwe kikauke chenyewe. Yaya alikuwa anamwogopa nesi, lakini bibi alimwogopa zaidi. Basi akanitazama mimi.

Nikaanza kueleza. Bibi akanisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake, kisha akasema: "Mimi nina watoto munane. Wote nilipaka majivu. Mmoja wao ndiye mama yenu. Kitovu chake kilioza?"

Sikuwa na jibu. Niseme nini? Mama yetu alikua, akatuzaa, akatulea, na kilichomwondoa hakikuwa kitovu. Nikabaki kusema eti nesi amekataza, kama mtoto wa shule. Bibi akaweka kile kifuniko juu ya dirisha, hakukitupa.

Usiku ule mtoto alilia sana na bibi ndiye aliyembeba. Tulikuwa tumezima taa ya sola kwa sababu chaji ilikuwa inakwisha. Akaanza kuongea gizani, sijui alikuwa anaongea na mimi au na mtoto. Akasema yeye alizaa kumi na moja. Munane ni wale waliobaki. Katika wale watatu, mmoja alizaliwa mzuri, ananyonya vizuri, na siku ya sita akaacha ziwa. Mdomo ukakaza. Ukimgusa tu mwili unakuwa kama ubao. Watu wakasema ni degedege, wakamfukizia majani, na hakufika juma la pili.

Leo najua ule ugonjwa unaitwaje. Ni pepopunda ya watoto wachanga. Vidudu vyake hukaa kwenye udongo na kwenye mavi ya wanyama, na mlango wake mkubwa kwa mtoto ni kile kidonda cha kitovu: wembe mchafu uliokikatia, au uchafu uliopakwa juu yake. Kwa kawaida hujitokeza kati ya siku ya 3 na ya 28, kwa mtoto ambaye siku mbili za kwanza alinyonya vizuri kabisa. Ndiyo maana mama mjamzito anachomwa sindano ya pepopunda kliniki: ile kinga inavuka kwenda kwa mtoto tumboni. Bibi wakati wake hakuchomwa kitu. Nani angemchoma, na wapi?

Nilimweleza habari ya vidudu na sindano, basi. Sikumwambia kwamba huenda ni yale majivu. Miaka zaidi ya 40 imepita, angefanya nini na habari hiyo? Lakini bibi si mjinga. Akanyamaza muda mrefu, halafu akasema, "Basi haya majivu nitasugulia sufuria." Asubuhi nikamkuta kweli anasugua.

Hapa ndipo ninapotaka kuwagusa wenzetu wa mashirika. Mabango yenu yanasema kitovu kiwe safi na kikavu, msipake kitu. Ni kweli, wala sibishi. Ila mmewahi kufikiria mnamwambia nani? Mnamwambia bibi ambaye miaka 50 mikono yake imekuwa ikifanya kitu kila mtoto anapozaliwa. Mnamwambia mama ambaye anaona kile kigutu kinageuka cheusi, kinatoa harufu kidogo, na roho yake inamwambia afanye kitu. "Usifanye kitu" ni agizo gumu sana kwa mtu anayependa. Watu wanaitikia ndiyo kwenye semina, wanakunywa soda, wanarudi nyumbani wanapaka: majivu, mate, poda, dawa ya meno, mafuta, kila kabila na chake. Nimekaa na Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na Wasomali hapa, na kila upande kuna cha kupaka.

Kwetu kilichosaidia ni kumpa bibi kazi. Tulimfanya askari wa mikono. Akaweka kidumu cha maji na kipande cha sabuni mlangoni, na hakuna mgeni aliyemshika mtoto kabla ya kunawa mbele ya macho yake, hata mchungaji. Yeye ndiye alikunja nepi ya kitambaa ikakaa chini ya kitovu, mkojo usikiloweshe. Yeye ndiye alimwogesha kwa kumfuta, bila kumtumbukiza kwenye beseni. Kitovu kikichafuka, maji yaliyochemshwa yakapoa, halafu kitambaa safi cha kukaushia. Mikono yake ikapata shughuli, na majivu akayasahau.

Kigutu kikaanguka siku ya tisa. Kwa kawaida ni kati ya siku ya 5 na ya 15, kwa hiyo hatukuwa na wasiwasi. Shida ikawa nyingine: kizikwe wapi? Mnajua kwetu mtu akikuuliza umetoka wapi, unaweza kumjibu kwa kutaja pale kitovu chako kilipozikwa. Changu kiko Baraka, nyuma ya nyumba ambayo sijui sasa anakaa nani. Bibi alizunguka na kale kakitu kwenye karatasi siku mbili. Hii ploti tumepewa tu, anasema, wakituhamisha je? Mwishowe akakizika chini ya mgomba. Hakusema neno. Yaya akalia, sisi wengine tukajifanya tunaota moto.

Turudi kwenye habari yetu. Juma moja baada ya kigutu kuanguka, kitovu hakikukauka. Kila ukifunua nepi kuna majimaji ya njano kidogo, na ndani kabisa kinyama chekundu, kinang'aa, kidogo kama punje ya maharage. Mtoto ananyonya, analala, hana homa. Bibi akasema, mnaona? Mngepaka.

Tukaenda kituo. Nesi wa siku hiyo alikuwa mama mtu mzima, wa hapa hapa Uganda, anaongea Kiswahili cha kuokoteza lakini alitueleza kwa utulivu. Akasema hicho ni kinyama cha kidonda ambacho hakikufunga vizuri, wanakiona mara nyingi, na si hatari. Hospitali kubwa wana dawa ya kukichoma, ila ikigusa ngozi ya pembeni inaunguza. Akatuuliza: nyumbani mna chumvi?

Tulidhani anatania. Akatuonyesha pale pale. Unanawa mikono na sabuni. Unasafisha kitovu kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya uvuguvugu yaliyochemshwa, unakausha. Unachukua chumvi laini ya kupikia, safi, kidogo tu, kile kinachoshikwa na ncha za vidole viwili, unaweka juu ya kile kinyama tu. Unafunika na kitambaa safi, unakaa na mtoto kama nusu saa, usizidishe. Halafu unafuta chumvi yote kwa maji ya uvuguvugu, unakausha, unakiacha wazi. Asubuhi na jioni, siku tatu. Akatueleza na sababu: chumvi inavuta maji kutoka kwenye kile kinyama, nacho kinasinyaa, ni kama unavyomkausha samaki. Sisi watu wa ziwa hapo tukaelewa. Chenyewe hakisikii maumivu, akasema, ila ngozi ya kando inasikia, kwa hiyo msimwagie.

Mtoto hakulia hata mara moja. Siku ya pili kinyama kikawa cheusicheusi, siku ya nne kimekuwa kama ganda, na baada ya juma hakipo. Kwa chumvi! Ya jikoni! Bibi alifurahi kuliko sote. Mwishowe kimepatikana kitu cha kuweka.

Sasa nifike kwenye sehemu ambayo nimeichelewesha makusudi.

Nilipoanza kukaa na akina mama, chumvi ndiyo iliyonipa heshima. Wewe msichana usiyezaa, unakuja na dawa ambayo kila mtu anayo nyumbani, haina gharama, na inafanya kazi mbele ya macho yao. Wa kwanza alipona, wa pili akapona. Swali la "umezaa?" likapungua. Wakaanza kuniita Dada Chumvi, nami nikavimba kichwa. Mtu akaniambia, si urekodi sauti tuwatumie wengine? Nikarekodi kwenye simu, kama dakika moja hivi, kwa Kiswahili chetu cha nyumbani. Maneno yenyewe nayakumbuka: "Mama, ukiona kitovu cha mtoto kina maji, usiogope, usipake majivu. Chukua chumvi kidogo..." Halafu yale maelekezo ya nesi, moja baada ya jingine, hakuna nililokosea.

Ila nesi alianza kwa kutazama. Alimfunua mtoto, akauliza kitovu kimeanguka lini, akabonyeza ngozi ya pembeni kwa kidole, akampima homa, akatazama jinsi anavyonyonya. Ndipo akauliza kama tuna chumvi. Mimi kwenye sauti yangu nilianzia kwenye chumvi.

Kuna mama anauza vitenge sokoni, tunamwita Mama Bikwembe. Jioni moja alikuja kwetu mbio, mtoto kambeba kifuani ndani ya koti la mvua. Mtoto ana siku saba. Nikafunua. Kigutu bado kimeshika, hakijaanguka, chumvi imegandamana pale kama theluji ya kwenye kalenda, chini yake kuna usaha, na harufu yake haikuwa ile ya kawaida. Ngozi kuzunguka kitovu ilikuwa nyekundu, na wekundu umeshashuka kwenye tumbo. Mtoto moto. Nikamwuliza mama ananyonya? Akasema tangu asubuhi hataki.

Nikamwuliza kwa nini hukwenda kituo. Hakunijibu. Alitoa simu, akatafuta kidogo, akanipigia sauti yangu mwenyewe. "Mama, ukiona kitovu cha mtoto kina maji, usiogope..."

Siku mbili alikuwa haogopi, kwa sababu yangu.

Tulipanda boda usiku huo huo, mimi nyuma, yeye katikati na mtoto. Kituo walimchoma sindano ya kwanza ya antibiotiki, wakaita gari la wagonjwa, wakampeleka hospitali. Nesi wa zamu aliniambia, bila kunigombeza, kwamba chumvi haikuleta ule ugonjwa, vidudu vilikuwa vimeshaingia. Chumvi ilikula siku mbili, na kwa mtoto wa siku saba siku mbili ni nyingi mno, ugonjwa wa kitovu unaingia kwenye damu haraka. Tena akaongeza jambo ambalo sikulijua: ngozi ya mtoto mchanga, hasa penye kidonda, inakunywa. Chumvi nyingi inaweza kupita ndani ya damu ikamdhuru.

Mtoto alipona. Naandika hivi mapema ili msiniulize kwenye komenti. Alirudi, sasa anatambaa na kula udongo kama watoto wote. Mama yake bado ananisalimia, na bado ananiuzia kikwembe kwa bei ya wageni. Yote mawili nayakubali.

Nilitaka kuacha kazi. Nikamwambia bibi, mimi sifundishi tena, nisije nikaua mtoto wa mtu. Alikuwa anachambua sombe. Akaniuliza, "Ukinyamaza, watapaka nini?" Akaendelea na majani yake.

Nimerudi, ila nafundisha kwa kinyume. Chumvi naiweka mwisho kabisa, na kuna vikundi naondoka sijaitaja. Tunaanza na macho. Nawaambia wafunue watoto wao sasa hivi, tuzunguke tuangalie. Kitovu kimeshaanguka au bado? Kama bado, hapo hakuna chumvi, hakuna kitu, ni kukausha na kungoja. Ngozi ya pembeni ni rangi ya tumbo, au imebadilika? Kwa sisi weusi wekundu unajificha, kwa hiyo nawafundisha wapapase kwa nyuma ya mkono: pana joto, pamevimba, mtoto analia akiguswa pale? Kuna usaha? Kuna harufu ya kuoza? Damu inatoka bila kukoma? Mtoto ananyonya kama jana? Mwili una moto, 37.5 au zaidi kama una kipimo, au umekuwa baridi hata akiwa amefunikwa? Amelegea, amekakamaa, anastuka? Moja tu katika hayo, funga mtoto mgongoni uende kituo, hata kama ni usiku, hata kama huna hela ya boda, gonga kwa jirani. Ndiyo maana nikaomba kila kikundi kiwe na mtu mwenye boda anayejulikana.

Mwenye kinyama chekundu, kigutu kimeshaanguka, ngozi nzuri, mtoto mchangamfu, huyo naye aende kituo kwanza mara moja, nesi akione. Vitu vingine vinafanana nacho: kuna kitovu kinachotoa mkojo, au hata choo, kwa sababu ndani kuna njia haikufunga, na huyo anahitaji daktari. Nesi akishasema ni chenyewe, ndipo tunarudi kwenye chumvi, siku tatu, na kama juma limepita hakijasinyaa, arudi.

Halafu kuna wale wa kitovu kilichotokeza kama mpira mtoto akilia. Hawa hujaa sana kwenye vikundi vyetu, na karibu wote wamefunga sarafu ya shilingi 500 tumboni kwa kitambaa. Ile ni ngiri ya kitovu. Nyingi hufunga zenyewe mtoto akikua, mpaka miaka 4 au 5. Sarafu haiharakishi kitu, inachubua ngozi na kuficha uchafu. Nawaambia wanunue sabuni na hiyo 500. Lakini uvimbe ukiwa mgumu, haurudi ndani, mtoto anatapika na kulia bila kunyamaza, hapo usingoje kesho.

Bibi siku hizi anakuja nami mara moja moja. Anakaa kwenye kigoda, hasemi mengi. Mama akibisha kwamba watoto wake wote alipaka majivu na wako wazima, mimi nanyamaza, bibi anamwuliza, "Ulizaa wangapi?" Mama anataja idadi. Bibi anamwuliza tena, polepole, "Nimesema ulizaa wangapi, sijauliza wako wangapi." Kikundi kizima kinakuwa kimya. Mimi siwezi kuuliza swali hilo, sina haki nalo. Bibi anayo.

Ile sauti yangu nilirekodi nyingine, ndefu, inayoanza na maswali. Haikwenda mbali. Ya kwanza ilikuwa fupi na tamu, hiyo ndiyo watu waliipenda. Niliifuta kwenye simu yangu, nikaomba kila niliyemtumia aifute, lakini mnajua mambo ya WhatsApp. Juma lililopita imenirudia kutoka Kyangwali, kwa namba nisiyoijua, imepita kwa watu wengi. Chini yake mama ameandika: Dada, samahani, ni wewe wa hii sauti? Wangu ana siku tano kitovu kina maji.

Ilikuwa saa nne usiku, bando langu linakaribia kuisha. Sikuandika salamu. Niliandika: Mama, kigutu kimeshaanguka? Ananyonya? Nitumie picha, halafu vaa viatu.

Tiki zikageuka bluu. Akaandika: Navaa.